Kwenda Pwani Kupumzika

Kupumzika si uvivu. Mkulima aliyekwisha vuna, akalipa karo za watoto na akabakiwa na akiba kidogo, hana kosa akienda pwani na jamaa yake kunyosha mgongo. Lakini kutoka huku Kibimba hadi baharini ni zaidi ya kilometa 1,000. Yafaa kujua mapema unakokwenda.

Mimi nakisifu kijiji cha Kaole, kilometa 5 hivi kutoka Bagamoyo. Kuna minazi, mikoko na wavuvi, tena magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa karne nyingi zilizopita. Siku ya Dominika Misa iko Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni mwaka 1868.

Basi, jambo kubwa ni hili. Sisi tumezoea mto Ruvubu, ambao huteremka tu wala haurudi. Bahari sivyo. Kila siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Tangu kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi kupita jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kupita kiasi. Wenyeji huita bamvua. Yakipwa, mchanga huwa wazi hadi mbali, na watoto hukimbilia kuokota simbi. Yakirudi, huweza kupitia kwanza penye mabonde, nyuma ya migongo yao, wakazungukwa bila kujua. Hapo kuogelea kwa mtoni hakutoshi.

Kwa hiyo, baba, kabla hujavua viatu mwamkie mzee mvuvi: “Shikamoo, mzee. Leo maji yanajaa saa ngapi?” Atakwambia, maana kazi yake yote hufuata saa hizo. Nawe uwaite watoto mapema, wala mdogo asiingie majini peke yake, hata yakiwa ya kifundoni.

Mama naye ajifunge kanga apitapo kijijini, maana wenyeji wengi ni Waislamu nao hupenda stara. Samaki nunueni kwao mashua zinapofika, ili mapumziko yenu yawe riziki kwao pia.

Mgeni aulizaye hufundishwa na wenyeji. Asiyeuliza hufundishwa na maji.