Lo! Sizoni: Malindi Kusi Lishikapo

Mwezi wa Juni uliopita nilifunga safari kwenda Malindi. Sikwenda kutembea. Niliitwa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, na mtu hata akipita miaka hamsini, akiitwa na shangazi yake hukung'uta kanzu akaenda, wala haulizi kuna nini. Kutoka Mombasa ni kilomita kama 120, na mvua ilitusindikiza tangu Mtwapa mpaka tukavuka daraja la Kilifi. Tulipofika Gede jua likatoka, nami nikashuka stendi ya Malindi nikiwa na mkoba mmoja na mwavuli wa kuazima.

Badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani kwa shangazi, nilisema moyoni, ngoja nipite Barabara ya Lamu nione mji wa wageni ulivyo wakati wageni hawapo. Msomaji aliyefika huko mwezi wa Desemba anajua kwamba barabara ile haivukiki. Tuktuk hazina nafasi, bodaboda zinapita mpaka juu ya vikanyagio vya watu, na muziki unatoka kila mlango. Juzi niliivuka polepole kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake. Maduka ya vinyago yamepigwa mbao. Mikahawa imefunga, viti vimepandishwa juu ya meza miguu juu, na paka wamelala chini yake. Kwenye lango la hoteli moja askari amekaa na redio yake ndogo, na juu ya paa nyuma yake mafundi watatu wanabadilisha makuti. Hao ndio watu pekee niliowaona wakipata riziki yao ya hoteli siku ile, kwani paa hutengenezwa wakati hakuna wa kulala chini yake.

Kijana mmoja alinikabili akaniambia, "Ciao, papa!" Kisha akaona kofia yangu na kanzu, akatahayari, akasema, "Samahani mzee. Salaam aleikum." Nilimjibu, na tukacheka wote wawili. Ulimi wake umezoea. Kwani Waitaliani na Malindi si wa jana. Walianza kwa kurusha vyombo vya anga pale Ngomeni, katika kituo chao cha San Marco juu ya bahari, na chombo chao cha kwanza cha hapo kilipaa mwaka 1967. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, siku ya sikukuu yetu, kilirushwa kutoka hapo chombo cha Wamarekani cha kuchungua nyota, kikapewa jina la Uhuru. Baada ya mafundi wa anga wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wajenzi wa majumba, na leo mtoto wa Malindi ambaye hakumaliza darasa la nane anakuuzia embe kwa Kitaliani safi. Mimi simcheki. Lugha ni mali.

Nilimuuliza yule kijana, "Hali ya mji vipi?" Akasema, "Lo sizoni, mzee. Tunangoja hai sizoni."

Wasomaji wangu, maneno hayo mawili yalinishika njia nzima. Ni ya Kizungu, lakini sisi Waswahili tumeyatia masikioni mwetu, na masikio yetu yana hesabu yake. Huo wa watalii tunauita "hai," kana kwamba ndio msimu ulio na uhai. Huu mwingine tunauita "lo!" na lo! kwetu ni neno la mtu aliyepatwa na jambo. Ikiwa miezi ya wageni ndiyo iliyo hai, basi sisi tuliobaki hapa Aprili, Mei na Juni tu nini? Maiti?

Bahari hii ina majina yake ya misimu, na majina hayo hayakuulizwa Milano wala London. Kuna kaskazi, kuna kusi, na katikati kuna tanga mbili, wakati upepo haujakata shauri. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyoteremka na kaskazi yalikaa katika bandari zetu yakingoja kusi lianze, ndipo yarejee kwao. Mreno Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili mwaka 1498, katika miezi hii hii ambayo leo hoteli hufunga milango. Mfalme wa Malindi akampa mtu wa kumwongoza, akapanda na mwanzo wa kusi, na mwezi wa Mei akawa amefika Calicut. Sina haja ya kumsifu Mreno, kwani yaliyofuata baada yake tunayajua. Ninalotaka kusema ni kwamba kama Malindi ingekuwa imefungwa mwezi wa Aprili, yeye angalibaki hapa akila samaki wetu mpaka leo. Na kusi lilipochacha, bahari ikawa nzito, vyombo vilivutwa pwani, vikakwanguliwa, vikapakwa chokaa na shahamu, matanga yakashonwa. Ulikuwa msimu wa kutengeneza. Hakuna aliyeuita lo.

Nilifika Msikiti wa Juma wakati wa alasiri. Pale kando yapo yale makaburi ya mnara, moja lake la yapata karne ya 15, na ukutani pembeni yake watoto walikuwa wakitoka chuoni na juzuu zao kwapani, wakisukumana. Mimi pia nilianza hivyo, alifu kwa ujiti, juu ya mkeka, na bakora ya mwalimu haiko mbali. Nikawaangalia nikasema, hawa hawana habari ya sizoni. Mwalimu wao hafungi mwezi wa Mei. Nyuma ya msikiti wanawake walikwisha washa majiko, viazi karai vinaelea katika mafuta, mwenye halwa amefunua sinia lake. Mji ule wa Barabara ya Lamu ulikuwa umelala fofofo, na huu mwingine, mwendo wa robo saa kwa miguu, uko macho. Na mwezi wetu nao una mwendo wake mwenyewe. Miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya msimu wa watalii, vijana wetu wanabeba sinia za vinywaji nao wamefunga. Na mwaka 2030, Mungu akituweka, itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, katika shangwe lenyewe la wageni. Wenye hoteli waanze kufikiri.

Ningependa kukomea hapo. Ingekuwa makala nzuri, mshairi amekwenda Malindi akagundua kwamba mji wa kale una uhai kuliko mji wa wageni, akarudi zake. Na nimewahi kuandika makala ya namna hiyo, nakiri. Nimefanya na ubaya zaidi: katika miaka ya 1990, nikiwa kijana, nilikuwa nikisoma utenzi katika hoteli moja kila Ijumaa usiku, utenzi uliokatwa ukawa wa dakika tatu ili wageni wasichoke, na mshahara wangu ulikoma kila ilipofika Aprili. Basi nayajua ninayoyasema. Lakini nilipofika kwa shangazi nilikuta kilichoniitia.

Kiko kiwanja cha babu yetu, nje kidogo ya mji, chenye minazi kumi na miwili na kisima. Dalali amekuja mwezi wa Mei akiwa na mteja wa kigeni. Sahihi yangu yatakiwa, kwani nimo katika warithi. Dalali ni mtu wa maneno laini. Alimwambia shangazi kwamba hapotezi kitu, maana kwa katiba ya mwaka 2010 mgeni hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele, bali hukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. "Ni kukodisha tu, bibi. Kitarudi."

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, miaka tisini na tisa mimi sipo, wewe hupo, na huyu mtoto anayetambaa hapa atakuwa keshazikwa. Kitarudi kwa nani?"

Nikamuuliza dalali huyu amemjua tangu lini. Akasema, "Kila kusi huja. Kaskazi simuoni."

Msomaji, hapo ndipo kiini cha maneno yangu. Viwanja vya pwani haviuzwi Desemba, wakati kijana wa nyumbani ana kazi na mfukoni mna kitu. Aghalabu huuzwa Mei na Juni, wakati hoteli zimefunga, mvua inavuja na ada ya shule imefika. Bei ya kiwanja cha shangazi ilikuwa bei ya mtu mwenye njaa. Dalali analijua hilo, na ndiyo sababu anasafiri na upepo kama majahazi ya zamani, isipokuwa yeye anapakia ardhi. Tunalaumu wageni, na wengine wanastahili lawama, lakini mlango unaofunguliwa ni wetu, nao unafunguliwa katika miezi mitatu ile ile ya kila mwaka.

Nilisema sitatia sahihi. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu aliyesoma. Ndipo mjukuu wa shangazi akatoka chumbani. Huyu ni mhudumu wa hoteli, ana watoto watatu, na aliambiwa katikati ya Aprili arudi nyumbani mpaka aitwe. Akasema kwa adabu, "Ami, wewe kesho unarudi Mombasa kwenye mshahara wako. Kiwanja kitabaki. Mimi Jumatatu nimpe nini mwenye nyumba?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa nilichokuwa nacho mfukoni, nikabakisha nauli, na sote tulikiona kwamba hakitoshi.

Nimelala na swali lile siku nyingi, na ninayoyasema sasa nayasema nikijua kwamba ni rahisi kusemwa. Mwenye hoteli anayejaza vyumba kuanzia Desemba hadi Machi, je, hawezi kumpa mhudumu wake nusu ya mshahara kwa miezi mitatu ya kungoja? Amekwisha mfundisha kazi, na Julai atamtaka tena. Makuti anayatengeneza ili yasioze. Mtu je? Na sisi wenyewe: mwaka 2020, ndege za abiria za nje ziliposimamishwa kuanzia Machi mpaka Agosti, Malindi ilionja kusi refu kuliko yote, na misikiti na majirani walilisha watu. Ilifanyika. Kwa nini isifanyike kwa kusi la kawaida? Sadaka zetu tunazimwaga Ramadhani, na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia wakati vijana wangali kazini, kisha ikifika Juni mifuko ya misikiti imekauka. Sisemi zaka icheleweshwe, hilo lina wenyewe na mimi si mwanachuoni. Nasema sadaka. Na wazee wetu walikuwa na kufuli la ardhi, nalo ni wakfu: kiwanja kikiwekwa wakfu kwa kizazi, hakiuzwi kusi wala kaskazi, na minazi yake huliwa na waliopo. Babu yetu hakufanya hivyo. Labda hakudhani kwamba mchanga ule utakuja kutamaniwa na mtu.

Siku ya pili asubuhi nilishuka pwani. Maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mpaka mbali, na kusi linapiga usoni. Yule kijana wa hoteli nilimwona miambani, amekunja suruali, anatafuta pweza kwa kijiti cha chuma, pamoja na wanawake na watoto. Alinipungia mkono. Sikujua kama alikuwa amenisamehe.

Nilipokwenda kumuaga shangazi, alinyanyua mkeka akatoa karatasi ya dalali, akanionyesha mahali palipoachwa kwa sahihi yangu. Juu yake palikuwa na alama ya wino, mviringo mdogo wa buluu.

"Mimi nilishatia dole, mwanangu," akasema. "Tangu Mei. Wewe ukikataa sitakasirika."

Akairudisha chini ya mkeka, akanifungia mahamri sita ya njiani.