Gari Likilia Nawe Umo Ndani ya Swala



Ndugu zangu, hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, jambo hili limekuwa la kila wiki. Imamu yuko rakaa ya pili, mara alamu ya gari inaanza kulia nje ya msikiti. Mwenyewe yumo safuni na sauti ya gari lake anaijua, lakini hatikisiki, akidhani kutikisika kutambatilishia swala. Basi safu nzima inasali na king'ora, na mgonjwa wa nyumba ya pili naye anapata fungu lake.

Mimi naona huo si ucha Mungu, ni elimu iliyoishia njiani. Rimoti ikiwa mfukoni, apeleke mkono abonyeze. Hicho ni kitendo kidogo, hakibatilishi swala. Mtume (s.a.w.) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu akimweka chini, akisimama akimbeba tena. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Kitufe ni kitu gani mbele ya mtoto?

Na rimoti isiposhika? Atoke. Imam Bukhari amepokea habari ya swahaba Abu Barza al-Aslami (r.a.), aliyekuwa akisali kule Ahwaz na hatamu za mnyama wake mkononi. Mnyama akawa anavuta, naye akamfuata. Mtu mmoja katika Khawarij akamlaumu. Abu Barza akamjibu kwamba yeye alipigana vita kadhaa pamoja na Mtume na ameuona wepesi wake, na kwamba kurudi na mnyama wake kwampendeza kuliko kumwacha aende kisha yeye ataabike. Wanachuoni wameruhusu kukata swala kwa kuchelea mali, kisha mtu aianze upya. Na hapa pamoja na mali kuna haki ya jirani na ya wanaosali.

Akifika nje, aingize ufunguo na kuwasha swichi. Magari mengi hunyamaza hapo. Ikishindikana, spana namba 10, afungue waya wa hasi wa betri. Viko ving'ora vyenye betri yao ndani, hivyo vitaendelea kulia, na hapo ni kumwita fundi tu.

Fundi naye aangalie mambo matatu: betri ya gari iliyochoka, swichi ya boneti iliyoshika kutu, na sensa iliyowekwa kali mno hata paka akiruka juu inalia. Buyenzi hii imejaa mafundi, sioni udhuru wa gari kulia mwezi mzima. Tena alamu ya kila usiku hailindi kitu. Majirani wameshaizoea, siku mwizi akija kweli hakuna atakayefungua dirisha.

Nanyi wanafunzi wangu mnaopiga mateke matairi mkitoka chuoni ili msikie gari likilia: nimewaona, na majina ninayo.