Parachichi na Katoni Iliyolowa

Aonaye namna vifurushi vinavyofungwa Tuwan, mjini Kitale, kabla ya kupakiwa basi liendalo Nairobi, hastaajabu kwamba parachichi lililotoka shambani likiwa zima hufika likiwa uji. Katoni iliyokwisha kubeba sabuni, ikanyeshewa barazani, hujazwa matunda hata kifuniko kikatuna, kisha huzungushiwa selotepu, kana kwamba selotepu ni hirizi. Ilhali siri ya katoni imo katika tabaka la kati, ile karatasi ya mawimbi iliyobanwa baina ya karatasi mbili nyoofu, ambayo mawimbi yake yakisimama wima huhimili uzito mkubwa, na yakilowa huwa si kitu. Tena nguvu zake nyingi zimo katika pembe nne, ndiyo sababu yafaa kupanga pembe juu ya pembe. Ndani yafaa kuwekwa vigawanyo vya karatasi hiyo hiyo, au hata majani makavu ya mgomba, mradi tunda halimgusi jirani yake.

Nasi si wageni wa karatasi: kiwanda cha karatasi cha Webuye, huko Bungoma, kilianza kazi mwaka 1974, kikala misonobari yetu hadi kilipofungwa 2009. Basi, kwa kuwa katoni ikilowa haina nguvu, rai yangu ni kwamba karani wa vifurushi aikatae katoni iliyolowa, hata mwenyewe akinung'unika.