Ni Nani Ndani Yako Anayemjibu Mtoto?

Hebu leo tuanze na safari. Shule zimefungwa kwa likizo fupi. Kijana wako anayesoma shule ya bweni anaingia matatu huko Kanyakine, Imenti Kusini, anaiacha nyuma migomba na mibuni, anapita Chuka na Embu, na jioni anabisha hodi nyumbani kwako Nairobi. Ndani ya mkoba ana ripoti. Muhula uliopita alikuwa nambari 12 darasani; sasa ni nambari 41.

Wewe umetoka kazini, umechoka, na karo ya muhula ujao hujui itatoka wapi. Unaisoma ile karatasi, unaitupa mezani na kufoka: "Mimi najinyima ili wewe usome, kumbe huko unacheza tu! Huna haya?"

Kijana anatazama sakafu. Kisha ananong'ona, "Kwani ni mimi niliyeomba kupelekwa mbali huko?" Mlango unabamizwa. Mama anabaki katikati, hajui amfuate nani. Likizo inakwisha, kijana anarudi shuleni, na hakuna aliyejua kilichomtoa nambari 12 na kumfikisha nambari 41.

Huenda wewe msomaji umewahi kuwa baba huyo. Huenda umewahi kuwa kijana huyo. Leo tusitafute mkosaji. Tujiulize swali jingine: walipokuwa wakijibizana, ni nani hasa aliyekuwa akisema ndani ya kila mmoja wao?

Swali hili lilimshughulisha sana daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Eric Berne. Alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1910, akafanya kazi California, Marekani, hadi alipofariki mwaka 1970. Elimu aliyoianzisha katika miaka ya 1950 tunaweza kuiita uchanganuzi wa majibizano, na kitabu chake cha mwaka 1964, Games People Play, kilisomwa kote duniani. Baadaye walimu na washauri wa wanafunzi nao wakaichukua elimu hiyo.

Berne alisema kwamba ndani ya kila mtu mna sauti tatu. Ya kwanza aliiita Mzazi. Hii ni sauti ya wale waliotulea, tuliyoimeza tukiwa wadogo: amri, makaripio na makatazo, lakini pia huruma na kubembeleza. Ya pili ni Mtoto: hofu, hasira, kununa na ukaidi, pamoja na kicheko, udadisi na ubunifu. Ya tatu ni Mtu Mzima: huyu huuliza, hupima na kuamua kulingana na mambo yalivyo hapa na sasa.

Usidhani hili ni jambo la umri. Mzee wa miaka sitini anaweza kususa chakula kama mtoto wa miaka minne, na msichana wa miaka kumi na minne anaweza kumtuliza mdogo wake kama mama mzazi. Sauti zote tatu tunazo, na zote tunazihitaji. Taabu huja pale inapojibu sauti isiyofaa kwa wakati ule.

Sasa turudi kwenye ile ripoti. Aliyefoka ni Mzazi mkali ndani ya baba. Mzazi mkali anapofoka humwamsha Mtoto ndani ya yule anayeambiwa, na Mtoto huyo ana njia chache tu: kutii kwa hofu, kununa au kuasi. Kijana alipoasi, Mzazi ndani ya baba akazidi ukali. Berne alieleza kwamba majibizano yanayooana namna hii yanaweza kuendelea bila kikomo. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi ugomvi ni ule ule kila muhula, kana kwamba umeandikwa na watu wanausoma tu.

Mtu mmoja akibadilisha sauti, mchezo huvunjika. Tuseme baba ameiweka ripoti mezani, akanywa chai kwanza, kisha akasema: "Nambari 41 imenishtua, sitakuficha. Ni masomo gani yaliyokuangusha?"

"Hesabu na kemia."

"Ilianza lini?"

Kijana ananyamaza kidogo. "Tangu nilipohamia nyuma darasani. Sioni vizuri ubaoni."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilijua miwani ni ghali, baba. Na karo bado."

Msomaji wangu, tazama kilichokuwa kimefichwa nyuma ya ule mlango uliobamizwa! Yule aliyeambiwa hana haya alikuwa akimwonea baba yake huruma. Kila mtoto ana sababu yake, na si kila sababu ni njema kama hii. Lakini njema au mbaya, hutaijua kwa kufoka.

Yaliyo nyumbani yamo pia shuleni, na huko hatari ni kubwa zaidi. Watu wa Meru hawajasahau usiku wa Julai 1991 katika shule ya St Kizito, Tigania, ambapo wasichana 19 walipoteza maisha baada ya wavulana wa shule hiyo hiyo kuvamia bweni lao. Wala Kenya haijasahau Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 waliangamia mwaka 2001 bweni lilipotiwa moto. Sisemi kwamba neno moja la upole lingezuia maovu hayo. Jinai ni jinai. Nasema tu kwamba shule ambamo wakubwa hufoka na wadogo hununa haiwezi kupata habari mapema. Mwenye kununa hasemi, na moshi huonekana kabla ya tatizo kusikika.

Mwaka huo huo wa 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Walimu wengi waliuliza: sasa tutawarudi kwa nini? Baadhi yao waliweka chini kiboko cha mti na kushika cha ulimi. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na vilevile kiakili. Kumwita mtoto "mjinga wa ukoo" mbele ya darasa zima ni kumchapa mahali pasipoonekana alama.

Basi mwalimu afanyeje mwanafunzi anapochelewa kwa mara ya tatu na kujibu, "Kwani ni mimi peke yangu?" Huo ni Mtoto akimwita Mzazi mkali waje wapigane. Mwalimu akiitika, darasa lote linapata sinema. Asipoitika, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wengine nitazungumza nao. Wewe umechelewa mara tatu, na adhabu unaijua. Saa kumi uje unieleze asubuhi zako zinakwendaje," mchezo umekosa mchezaji wa pili. Angalia pia kwamba adhabu haikufutwa. Mtu Mzima si mlegevu. Sheria yake inasimama, ila haiambatani na matusi.

Berne alifundisha jambo jingine ambalo kila mlezi analifahamu moyoni: binadamu ana njaa ya kutambuliwa. Mtoto asiyepata sifa hutafuta lawama, kwa kuwa kulaumiwa ni afadhali kuliko kutoonekana. Yule anayepiga kelele nyuma ya darasa huenda aligundua zamani kwamba jina lake hutajwa tu anapokosea. Mtaje basi siku anapofanya vyema, hata kama ni kufuta ubao bila kutumwa.

Tahadhari moja. Usigeuke mashine ya kuuliza maswali. Mtoto aliyefiwa hahitaji Mtu Mzima wa kupima mambo. Anahitaji Mzazi mwenye huruma wa kumshika bega. Na siku ya michezo, mwalimu anayeruhusu Mtoto wake acheke pamoja na wanafunzi hapotezi heshima.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usidhani nawasema wakubwa pekee. Mwalimu au baba akikufokea, huwezi kumchagulia sauti, lakini yako unaweza kuichagua. "Samahani mwalimu, nimekosa. Naomba nieleze kilichotokea" si maneno ya mwoga. Mara nyingi mtu anayefoka, akijibiwa na Mtu Mzima, hushindwa kuendelea kufoka.

Wazee wa Njuri Ncheke huko Meru huketi na kusikiliza pande mbili kabla ya kutoa uamuzi. Hatuwezi kuita baraza kila mtoto anapoleta ripoti mbaya, lakini tunaweza kujipa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Juma hili, kabla ya kumjibu mtoto aliyekuudhi, jiulize kimyakimya: ni nani ndani yangu anayetaka kusema? Ukigundua ni yule mkali, mwambie angoje nje kidogo. Akiwa bado ana neno baada ya chai, atalisema.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia amani nyumbani.