Nani aliulizwa? Mikataba ya wakubwa na historia ya Rufiji



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeitwa Al-Amin hata na wale waliompinga. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi, kuna maneno mawili tunayasikia mabarazani kila redio inapotangaza habari za vita. La kwanza ni kwamba mambo ya dunia ni ya wakubwa, hayatuhusu sisi wakulima na wavuvi wa Rufiji. La pili, ambalo vijana wanalipenda zaidi, ni kwamba mikataba ya mataifa ni karatasi tupu, mwenye nguvu ndiye mwenye haki, kwa hiyo mnyonge naye asijifunge na ahadi yoyote. Sisi tunaona yote mawili si sahihi, na la pili ni la hatari. Ushahidi hatuufuati mbali. Uko hapa hapa, kati ya Nyamwage, Mohoro na midomo ya mto wetu.

UTARATIBU BILA WENYEWE

Kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa Berlin, Ujerumani, wakaandika kanuni za biashara na za kujitwalia ardhi barani Afrika. Marekani ilikuwapo. Dola ya Uthmaniya, dola kubwa ya Waislamu wakati ule, nayo ilikuwapo. Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser wa Ujerumani akatoa hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika nchi za bara zinazoelekeana na Zanzibar.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana tena. Sultani Barghash wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kama kilomita 16, na delta yetu ikawa ndani yake. Nchi za nyuma ya ukanda huo wakagawana wao. Ahadi hiyo haikufika mbali. Mwaka 1888 ukanda ulikodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, watu wa pwani wakainuka pamoja na Abushiri bin Salim, na mwaka 1890 ukanda ukachukuliwa moja kwa moja, Sultani akalipwa mark milioni 4 za Kijerumani. Wenye mashamba na mitumbwi hawakuulizwa.

Hapa tuseme kweli, maana Mwislamu husema kweli hata ikiwa dhidi ya nafsi yake. Utaratibu uliotangulia nao haukuwa wa haki kwa wote. Mwaka 1873 Barghash alipokubali kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa waliwatembeza watu kwa miguu kuelekea kaskazini wakipita pwani hii hii, mpaka njia hiyo nayo ilipopigwa marufuku mwaka 1876. Mateka wale nao nani aliwauliza? Dhuluma haibadiliki kuwa haki kwa sababu aliyeifanya anafanana nasi.

FUJO ILIPOFIKA MLANGONI

Wakubwa waliita mapatano yao amani. Kwetu amani hiyo ilikuwa kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani hapo Mohoro, Agosti 4, 1905. Vita viliendelea hadi 1907, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalihesabu kuwa yana amani baina yao.

Kisha amani yao wenyewe ikavunjika. Kanuni za Berlin zilikuwa zimeacha mlango wa nchi hizi kuwekwa nje ya vita vya Ulaya. Vita vilipoanza Agosti 1914, mlango huo haukutumiwa. Dar es Salaam ilipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Agosti 8. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Julai 1915 meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuishambulia mara mbili, mpaka Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 11. Mizinga yake 10 iling'olewa ikaendelea kupigana nchi kavu.

Walioburuta mizinga na kubeba vyakula na risasi za pande zote mbili walikuwa Waafrika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Basi anayesema mambo ya dunia hayatuhusu, na atuambie: ugomvi ulioanzia Ulaya ulifuata nini kwenye mikoko ya Rufiji?

KARATASI ILIYOGEUKA MLANGO

Sasa tulijibu neno la pili. Baada ya vita, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Tanganyika kwa Waingereza. Mara hii pia wenyewe hawakuulizwa. Lakini karatasi ya safari hii ilimtaka mtawala atoe taarifa kwa wengine, na mwaka 1946 nchi ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza madai ya TANU. Karatasi ya wakubwa ikawa mlango wa wanyonge, kwa sababu kulikuwa na watu walioisoma na kuishika. Uhuru ukapatikana mwaka 1961.

Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana, kwa pendekezo la Tanzania, kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Si kwamba mipaka ile ilikuwa ya haki. Walijua kwamba kila mmoja akianza kuichora upya kwa bunduki, hatabaki mtu. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Watanzania walijua kwa nini ahadi ile ilikuwa na maana. Februari 2022, Urusi ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ukraine, Balozi Martin Kimani wa Kenya aliikumbusha dunia ahadi hiyo mbele ya Baraza la Usalama.

Ni kweli wakubwa huvunja. Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq mwaka 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama, na mataifa matano tu yana kura ya turufu. Lakini mwizi akivunja mlango, dawa si kung'oa milango ya kijiji kizima. Sisi wa Rufiji na Kibiti tulioishi miaka ya 2016 na 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari wakiuawa, tunajua ilivyo pale watu wanapoogopa kufungua mlango usiku. Pasipo na ahadi inayoheshimiwa, wa kwanza kuumia ni mnyonge.

MFANO WA MTUME WETU

Kabla ya utume, Mtume (S.A.W.) alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, mapatano ya watu wa Makka ya kumtetea kila aliyedhulumiwa. Waliofunga mapatano yale hawakuwa Waislamu, na bado aliyasifu hata baada ya kuja Uislamu. Mwaka wa 6 Hijria, Hudaybiya, alikubali masharti yaliyowauma masahaba, na Abu Jandal alipokuja akiburuta minyororo yake, alirudishwa kwa mujibu wa mkataba. Wa kuuvunja hawakuwa Waislamu.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, wanafunzi, someni historia, lugha na sheria pamoja na Fiqhi, ili siku karatasi inapoandikwa muweze kuisoma. Pili, wazazi, mweleze nyumbani habari za Mohoro na za delta kabla wazee hawajaondoka nazo. Tatu, sote, tunapopanga mambo yetu hapa kijijini, kama mipaka ya mashamba na malisho baina ya mkulima na mfugaji, tuanze na swali lile ambalo Berlin haikuuliza: wenye kuishi hapa wamesikilizwa?

Wabillahi tawfiq.