Kabla ya Rangi, Msasa



Baada ya kumshukuru Allah Subhanahu Wata'ala na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kuzungumza nanyi, mama zetu na dada zetu, juu ya jambo ambalo si la kila siku katika ukurasa huu: kuutayarisha mwili wa pikipiki kabla ya kuupaka rangi. Msishangae. Hapa Mkomani nyumba nyingi zapata chakula chao kwa bodaboda, na mara nyingi fedha iliyoinunua ilitoka katika chama cha kina mama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yetu, ambaye ni mjane. Alipofikiwa na zamu yake alimnunulia mwanawe pikipiki iliyokwisha kutumika. Mwezi uliopita kijana alitujia akasema, "Mjomba, nataka kuipaka rangi mwenyewe ipate bei nzuri, niiuze, nichukue iliyo bora." Tukamwambia ailete uani kwetu. Alifika na makopo mawili ya rangi ya kupuliza, lakini msasa hakuwa nao hata kipande.

Tukamuuliza, "Mtu mwenye unga uliokandwa ukamkaukia kuchani, akitawadha hivyo, udhu wake wasihi?" Akajibu, "Hausihi, Mjomba, maji hayajafika mwilini." Tukamwambia, "Na rangi ni vivyo hivyo. Ikikuta mafuta, chumvi au kutu, itashika uchafu na wala haitashika chuma, na uchafu utakapobanduka utaondoka nayo."

Tukaanza kwa kuosha. Sisi tuishio kando ya bahari twajua kwamba upepo huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata chini ya rangi mpya. Tulitumia sabuni, kisha tukasuuza kwa maji matamu, kwani visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi na maji hayo hurejesha kile tulichokusudia kukiondoa. Kuosha hutangulia msasa. Ukianza na msasa, mafuta na nta husukumwa ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena kwa urahisi. Kujua kama pamesafika, mwagia maji: yakitandaa kama shuka, pamesafika, yakijikusanya matone matone, mafuta yangalipo.

Kisha tukafungua kiti na kava za ubavuni, maana rangi iliyopulizwa juu ya skurubu na mipira hupasuka pembeni mapema. Tangi tuliliacha kwa fundi. Mama zetu, lishikeni hili: tangi lililomwagwa petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Lisikaribishwe jikoni wala penye sigara.

Ukafika wakati wa msasa. Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini. Kutu huondolewa kwa 120 hadi chuma king'ae. Kingo za rangi ya zamani hulainishwa kwa 240 mpaka kidole kisihisi ngazi. Kisha pote hupitishwa 400 ili pawe na mikwaruzo midogo ya kuishika rangi. Plastiki huanzia 400, na huhitaji rangi yake ya msingi, kwani ile ya chuma hubambuka juu yake. Chuma kilichobaki wazi kipakwe rangi ya msingi siku hiyo hiyo. Hewa yetu hukitia kutu kwa usiku mmoja. Rangi ya msingi ikikauka, ipitishwe 600 kwa maji, ifutwe, ikauke, ndipo ipulizwe rangi yenyewe, tabaka nyembamba nyembamba. Siku za mvua za kusi si za kazi hii, kwani unyevu huifanya rangi ifubae na kuwa kama maziwa.

Tulipokuwa tukisugua bomba la fremu chini ya kiti, msasa ulitoa vumbi jeupe. Chuma hakitoi vumbi jeupe. Ilikuwa ni filla, na chini yake paliunganishwa kwa kulehemu vibaya, na kando ya kulehemu huko ulipita ufa. Aliyemuuzia dada yetu alikuwa ameuziba, akaupaka rangi, akanyamaza.

Kijana alikaa kimya, kisha akasema polepole, "Mjomba, na mimi nikiurudishia filla, nani atajua?"

Hatukumkemea, kwani tulijua amekwisha ahidi bei. Tulimkumbusha kisa kilichopokewa na Abu Hurayra na kumo katika Sahih Muslim: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta majimaji. Mwenyewe akatoa udhuru kwamba kimenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akaonya kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tukamuuliza kijana ni nani hupanda nyuma yake saa kumi alasiri. Akasema, "Watoto wa madrasa." Hakusema tena neno la filla.

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi hauvunji mtu mguu. Fremu iliyopasuka yaua.

Twawausia basi. Kabla ya kununua pikipiki iliyotumika, fungueni kiti na mtazame chini yake mchana, pamoja na fundi msiyegawana naye faida. Anayeuza aseme aibu ya bidhaa yake. Anayebadilisha rangi aiarifu NTSA, kwani rangi ya chombo huandikwa katika hati ya usajili. Nyumbani, msasa upigwe kwa maji na uso ukiwa umezibwa, kwani rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, na hayo hudhuru akili za watoto. Waja wazito na wenye pumu wakae mbali. Na thina, tafadhalini, isitiwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Dada yetu alipoambiwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afadhali iliyolala uani kuliko iliyolaza mwana wa mwenzangu." Fundi amesema bomba lile litakatwa na kuwekwa jingine. Mnunuzi ameambiwa ukweli, naye amejitoa. Fedha ya fundi yangoja zamu ijayo ya chama, na makopo mawili ya rangi yangali rafuni kwetu.

Twamuomba Allah atujaalie riziki ya halali na yenye baraka. Wabillahi tawfiq.