Ardhi Huitwa Tupu na Anayeitaka

Atamaniye shamba la mwenziwe huanza kwa kunena kwamba halina mwenyewe. Desturi hii ni ya kale, na dola kubwa huifuata kama mwizi mdogo aifuatavyo. Tofauti yao ni kuwa dola huiandikia hati.

Kisiwa cha Diego Garcia kiko katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,500 mashariki ya pwani ya Tanzania. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius, na mwaka 1966 ikapatana na Marekani juu ya kituo cha jeshi la majini. Faida yake ilikuwa wazi. Kutoka huko ndege zaweza kufika Ghuba, Bara Hindi na Afrika Mashariki pasipo kumwomba idhini mtawala yeyote wa nchi huru. Basi kilitakiwa kisiwa kisicho na mtu. Watu walikuwamo kwa vizazi, wakivuna nazi. Ikanenwa kuwa ni vibarua wa kupita. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakaondolewa, wakashushwa Mauritius na Shelisheli. Hata mbwa wao waliuawa kwa moshi. Ndege zilizotupa mabomu Iraki mwaka 1991 na Afghanistan mwaka 2001 ziliruka kutoka kisiwa hicho.

Aldabra, kilicho karibu zaidi na Afrika, nacho kilitakiwa kwa uwanja wa ndege za kivita. Wataalamu wa viumbe wakapiga kelele kwa ajili ya kobe wakubwa na ndege wa huko, na mwaka 1967, Uingereza ilipobanwa na fedha, shauri likaachwa. Kobe walistahili kutetewa, wala hapana ubaya katika jambo hilo. Ubaya ni kwamba kobe walipata mawakili na watu wa Chagos hawakupata. Mwaka 2010 bahari ya Chagos ikatangazwa hifadhi, na barua za kibalozi zilizofichuka mwaka huo zikaonyesha kuwa hifadhi hiyo ilitazamiwa kuwazuia wenyeji wasirudi. Hapo samaki wakafanywa askari wa zamu.

Akaaye Karatu na Ngorongoro asidhani kuwa habari hii ni ya mbali. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti iwe ya wanyama, wakaahidiwa Ngorongoro, ambako mtu, ng'ombe na mnyama wa mwitu wangekaa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 maboma yakaondolewa ndani ya kreta; mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, na mahindi yakawa ya kununua Karatu. Mwaka 2022 ikaanza safari ya Msomera, wilaya ya Handeni.

Watetezi wa safari hiyo hujibu kuwa watu wameongezeka mno, malisho yanachakaa, na kila ahamaye hupewa nyumba na shamba kwa hiari yake. Hoja ya malisho ina uzito, na nyumba si kitu cha kudharauliwa. Wachagosi wengi hawakupewa hata hiyo. Lakini hiari hupimwa kwa mtu anayeweza kukataa asipate dhara. Wakazi wa Ngorongoro wamelalamika kuwa huduma za tiba na shule zilipunguzwa kwao, na mwezi wa Agosti 2024 maelfu yao walisimama barabarani kudai haki, ikiwemo ya kuandikishwa kupiga kura. Ikiwa aliyebaki hunyimwa dawa, kuondoka kwake hakuwezi kuitwa hiari.

Mei 2025 Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos, kituo cha jeshi kikibaki kwa miaka 99. Wachagosi wengi walinung'unika kuwa hata safari hii hawakuulizwa. Bomu na twiga ni vitu viwili mbalimbali, na atakayevifananisha atachekwa. Lakini mwenyeji asiyeulizwa ni yule yule, kisiwani na mlimani. Serikali yenye haki haina haja ya kuiita nchi tupu: humwuliza mwenyeji, kisha huliheshimu jibu lake hata likiwa la kukataa.